Anzeni na mabati: kwa mnaoingia kazi ya upatanisho

Karibuni kazini. Wengi wenu mtapelekwa Bonde la Ufa, hapa Kenya: Molo, Kuresoi, Burnt Forest. Mtapewa faili lenye hesabu: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Lisomeni. Lakini mkifika kijijini, ulizeni habari za mabati.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu. Niliwaketisha Wakikuyu na Wakalenjin chini ya mti mmoja, mchungaji akaomba, watu wakashikana mikono, nami nikaandika ripoti ya kurasa sita. Wiki hiyohiyo mama mmoja alinivuta kando, akanionyesha jiko la jirani. Bati moja la paa lilikuwa na mstari wa samawati pembeni, uliopakwa na marehemu mumewe. "Yule ndiye uliyenishikisha mkono," akasema. "Kila asubuhi naamka naliona paa langu, naye ananisalimia." Nilikosa la kumjibu.

Tangu hapo siitishi mkutano wa pamoja kabla sijakaa na kila upande peke yake, nyumbani kwao, mara nyingi, mpaka wachoke kunipa majibu ya wageni. Ndipo hutoka ya ardhi: mapigano ya 1992 na 1997, na mashamba yaliyogawanywa baada ya uhuru huku wazee wa pale wakihisi hawakuulizwa. Usimkatize mtu hapo ukidhani anakwepa. Msikilize dai lake hadi mwisho, kisha umwambie wazi kwamba halihalalishi kuchoma nyumba ya mtu.

Chungeni ndimi zenu. "Madoadoa" na "kwekwe" ni maneno yaliyotumiwa kuwaita majirani uchafu wa kuondolewa. Mwezeshaji mmoja alitania kuhusu madoadoa ya shati lake. Wanawake watatu wakanyanyuka wakaenda zao, hawakurudi tena.

Mapatano ya wakubwa yana kazi yake. Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akisimamia, na mauaji yakatulia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, waligombea pamoja wakashinda. Serikali nayo iliahidi waliorudi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyoteketea. Ila fedha hiyo ni ya hazina. Aliyebeba bati bado analala chini yake.

Kuyarudisha yale mabati ya mama kulituchukua miezi minane. Aliyefaulu ni mzee anayesimamia josho la ng'ombe, kwa kuwa pande zote mbili huogeshea mifugo pale na humwona kila wiki. Jirani hakuomba msamaha. Alimtuma mwanawe usiku, akayaegemeza ukutani kwa mama. Kulipokucha mama akayahesabu: kumi na moja, moja halipo. Akaniuliza kama itafaa ampelekee yule kijana chai.

Nikamwambia aamue mwenyewe. Alingoja hadi Jumapili, kisha akavuka na birika.