Port-Louis ziko mbili, mwanangu

SWALI: Bi Msafiri, shikamoo. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa Mahé, Shelisheli, akaletwa Mombasa angali mdogo. Alipofariki mwaka jana tulikuta kwenye kasha lake nakala ya cheti cha ndoa ya 1758 kutoka Morisi. Bwana harusi ni baharia, jina la ukoo Le Goff, na pembeni imeandikwa "natif de Port-Louis, évêché de Vannes", yaani mzaliwa wa Port-Louis. Nyumbani tumekuwa tukiambiwa kwamba wazee walitoka pwani ya Bretagne, Ufaransa. Lakini Port-Louis si ndio mji mkuu wa Morisi? Nina likizo Septemba na visa imeshatoka. Niende wapi, na je, kuna kaburi la kuzuru? – Mjukuu, Nyali

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Cheti hakina kosa. Port-Louis ziko mbili. Ya Morisi ilipewa jina la Mfalme Louis wa 15. Ya Bretagne ni ya zamani zaidi, ya Louis wa 13, nayo imekaa mdomoni mwa ghuba, ng'ambo tu ya mji wa Lorient. Fumbo lako linafumbuliwa na yale maneno ya mwisho: évêché de Vannes ni jimbo la Askofu wa Vannes, na jimbo hilo liko Bretagne. Wazee wenu walisema kweli.

Le Goff nalo ni jina la Kibretoni, maana yake Mhunzi. Usilishangilie sana. Kule wamejaa kama akina Juma kwetu.

Kwa hiyo kabla hujafunga begi, kaa na kompyuta jioni mbili tatu. Nyaraka za Morbihan, mkoa wenye hiyo Port-Louis ya Bretagne, zimewekwa kwenye intaneti, bure. Kabla ya 1792 aliyeandika vizazi na vifo alikuwa padri, basi wewe tafuta ubatizo, rudi nyuma miaka ishirini hadi arubaini kutoka siku ya ndoa. Halafu kuna daftari za mabaharia. Mwaka 1758 Morisi, wakati huo ikiitwa Isle de France, ilikuwa bado mikononi mwa Kampuni ya Ufaransa ya Bara Hindi, na Lorient ndiko meli zake zilikotoka; mji wenyewe ulianzishwa 1666 kwa ajili ya kampuni hiyo. Kila meli ilikuwa na orodha ya watu wake: jina, kwao wapi, kazi, mshahara, na mwisho wake. Orodha hizo zimo kwenye tovuti ya wizara ya majeshi ya Ufaransa iitwayo Mémoire des hommes. Usishtuke ukikuta ameandikwa "ametoroka". Wengi walitoroka, na mwanamume aliyekwisha kuposa Isle de France angerudi melini kufanya nini?

Sasa safari. Panda treni Paris, kituo cha Montparnasse, ushuke Lorient, lakini usilale na kuamka pale ukitafuta nyumba za mababu. Mimi nilipoteza siku nzima nikizungukia majengo ya saruji, mpaka muuza mkate mmoja akanihurumia akaniambia mji ulipigwa mabomu 1943 ukabaki vifusi. Vuka maji kwa boti uende Port-Louis yenyewe. Kuta zingali zimesimama, na ndani ya ngome kuna makumbusho ya ile Kampuni.

Ukishatoka makumbusho, nenda nyuma ya mji, kwenye kidimbwi kikubwa cha bahari wanachokiita Petite Mer de Gâvres. Nenda maji yakiwa yametoka. Nunua ratiba ya maji kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Kila siku ina namba yake ya ukubwa wa kujaa na kutoka kwa maji, kuanzia 20 mpaka 120, na ikipita 100 hilo ni bamvua la haja. Septemba mabamvua huwa makubwa, umebahatika. Mimi nilikuta bahari yote imegeuka tope jeusi linalong'aa, na akina mama wameinama na ndoo na vireki, wanachokoa kombe. Harufu ile ile ya Tudor, kwetu Mombasa, maji yakikauka. Nilivua viatu nikaingia, nikazama mpaka vifundoni, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Hapo ndipo niliposadiki kwamba mtu wa pale angeweza kuishi Morisi, au Mombasa, bila kufundishwa bahari.

Kaburi, hapana. Kwanza, mzee wako alioa Morisi, na akiwa na kaburi liko huko. Pili, Ufaransa kaburi aghalabu ni la kupanga kwa miaka fulani. Muda ukiisha na ndugu hawakulipia tena, serikali ya mji inalichukua. Ya karne ya 18 hutayaona.

Ila ukibakiwa na siku mbili, panda mpaka Brest, ushike meli ya kisiwa cha Ouessant, ambako ndiko alikotoka babu wa upande wa mama yangu. Wanaume wa kule waliishia melini, wanawake wakalima. Baharia akipotea asirudishwe, watu walitengeneza msalaba mdogo wa nta, wakauweka mezani juu ya kitambaa cheupe, wakaukeshea usiku kucha kama maiti, kesho yake padri akausalia sala zote za maziko. Waliuita proëlla. Matanga bila maiti. Kwenye makaburi ya Lampaul, kijiji cha kisiwani humo, kuna kijumba cha mawe cha 1868 ambamo misalaba hiyo ilihifadhiwa. Kina urefu wa mtu mfupi, yaani mimi. Niliegemeza mkono nikasoma Fatiha. Babu alikuwa Mkatoliki, lakini sikuwa na kingine cha kumpa.

Ukipata ule ubatizo, niandikie jina la mama yake. Madaftari yao humwandika mwanamke kwa jina la kwa baba yake, hata akiwa ameolewa, kwa hiyo litakuwepo. Mwana alikwenda zake. Yeye ndiye aliyebaki pale akiangalia maji.