Salvia Yenye Majani Tele Bila Maua: Usitie Dawa

SWALI: Niko Houston, Texas. Salvia leucantha niliyopanda Machi imenifika kifuani, imeshona majani, na sasa ni mwisho wa Agosti haijatoa hata ua moja. Niliipanda ivute kolibri, wale ndege wadogo wanaoelea hewani wakifyonza maua. Nyumbani Arusha tulikuwa nayo, na maua hayakuwa na msimu. Dukani wameniuzia chupa ya "dawa ya maua". Nitie kiasi gani?

JIBU: Usitie hata tone, dada yangu. Kila Agosti naletewa swali hilihili, na mara nyingi chupa imeshanunuliwa. Mmea wako hauna njaa. Unasubiri usiku urefuke.

Salvia hii, ambayo asili yake ni Meksiko, hutoa vitumba pale urefu wa usiku unapofika saa 12 hivi au kuzidi. Houston mwezi Juni mwanga hudumu saa 14. Arusha mchana hauchezi mbali na saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana hukuwahi kuiona ikisubiri. Baada ya Septemba 22 hivi, tazama ncha za matawi: zitajipinda kidogo, zikijaa vitumba vya zambarau vyenye manyoya laini kama mahameli, kisha vijiua vyeupe vichungulie humo ndani. Kolibri wa koo jekundu watakuwa bado wanapita kuelekea kusini, na jamii nyingine huja kukaa pwani hiyo wakati wa baridi.

Je, kuna taa ya ulinzi inayoumulika mmea huo? Izime au ielekeze kwingine. Wakulima wa krisanthemum huwasha taa usiku makusudi ili maua yasitoke. Wewe unaweza kuwa unafanya hivyo bila kujua.

Chupa hizo kwa kawaida ni fosforasi nyingi tu. Ikizidi udongoni, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma na zinki, majani machanga yanageuka manjano, nawe unarudi dukani kuuziwa dawa ya manjano. Hilo linaniudhi mno, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyeupenda mmea wake. Muuzaji akikupa dawa kabla hajauliza jina la mmea na mahali ulipo, usifungue pochi. Hiyo uliyonayo irudishe. Wakikataa, usiimwage mtaroni: fosforasi itaishia mtoni na kuotesha mwani.