Nalipia huduma moja, mbona nakatwa mara tatu?

SWALI: Salaam kwako, Mshauri. Kwa miezi mitano nimekuwa nikilipia huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni. Wiki iliyopita nilipitia taarifa ya akaunti yangu ya benki nikakuta kwamba, mbali na ada ninayoifahamu, kumekuwa na makato mengine mawili kila mwezi, kila moja kwa tarehe yake, na yote yana jina la kampuni ileile. Niliifuta programu yao kwenye simu na kwenye runinga, lakini jana nimekatwa tena. Watoto ndio wanaoitumia zaidi runinga hiyo, nao wanaapa kwamba hawajanunua kitu. Je, kadi yangu imeibwa? Na pesa zilizokwisha kwenda zinarudi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kama kadi yako imeibwa, kwa sababu si kawaida ya mwizi kuchukua kiasi kilekile kila mwezi, kwa siku ileile, kupitia kampuni ambayo mwenyewe unaitumia. Yaelekea umesajiliwa katika chaneli mbili za nyongeza, na watoto wako huenda wanasema kweli tupu.

Majukwaa makubwa, kwa mfano Prime Video ya Amazon, huuza ndani yake chaneli za kampuni nyingine. Kila chaneli ni usajili unaojitegemea, wenye bei yake na siku yake ya malipo, na ndiyo maana makato yako yanaangukia tarehe tofauti. Kwenye skrini, hata hivyo, filamu zilizomo katika kifurushi chako na zile za kulipiwa zaidi hupangwa pamoja, na kinachozitofautisha ni alama ndogo au mstari mmoja wa maandishi ambao mtu aliyeketi mbali na runinga hauoni vizuri. Mtoto anachagua katuni, na mahali alipozoea kukuta kitufe cha kutazama anakuta kitufe kinachomwambia atazame bure kwa siku saba. Anabonyeza, anathibitisha, na kwa kuwa kadi yako imekwisha kuhifadhiwa katika akaunti, haulizwi namba yoyote, katuni inaanza. Zikipita siku saba bila mtu kusitisha, ada ya kwanza inakatwa. Ukimwuliza mtoto kama alinunua kitu atakataa, na ana haki ya kukataa, maana neno alilolisoma ni «bure». Mimi naona lawama hapo ni ya aliyekitengeneza kitufe hicho, si ya mtoto, wala si yako.

Chaneli si nyongeza pekee. Netflix hutoza ada ya ziada kwa mtu anayetumia akaunti yako akiwa nje ya nyumba yako, na Prime Video ilipoanza kuonyesha matangazo nchini Marekani mwezi Januari 2024, asiyeyataka alitakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye kusitisha. Kufuta programu hakusitishi chochote, kwa sababu usajili haukai ndani ya simu wala runinga; unakaa katika akaunti ya yule anayekukata, na huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Fungua barua pepe yako, utafute kiasi kamili kilichokatwa, kama kilivyoandikwa kwenye taarifa ya benki. Risiti itakayojitokeza itakuonyesha kama ulilipia kwenye jukwaa lenyewe, kupitia Apple, kupitia Google Play, au kupitia kampuni ya kifaa kilichounganishwa na runinga. Kama ni Apple, ingia kwenye mipangilio ya simu, bonyeza jina lako, kisha sehemu ya usajili. Kama ni Google Play, bonyeza picha ya akaunti yako ndani ya duka hilo, kisha malipo na usajili. Kama ni jukwaa lenyewe, fungua tovuti yao kwa kivinjari, kwa kuwa katika programu ya runinga sehemu ya akaunti mara nyingi haijakamilika. Usipokuta kitu, usikate tamaa: nimewahi kusaidia watu waliokagua akaunti moja kwa wiki nzima, kumbe chaneli ilisajiliwa kwa barua pepe ya mwenza wao. Ukishasitisha, subiri ujumbe wa uthibitisho na uuhifadhi.

Kuhusu kurudishiwa, anza na makato ya jana, wala usichelewe. Waandikie ukitaja tarehe, kiasi, na kwamba chaneli hiyo haijatazamwa mwezi huu, ikiwa ndivyo. Wao wana kumbukumbu za kilichotazamwa, kwa hiyo sema kweli. Aliyelipa kupitia Apple au Google huomba kwao, si kwa jukwaa. Miezi ya nyuma ni migumu zaidi, lakini iombe pia. Kupinga malipo kupitia benki kuwe hatua ya mwisho, kwani kampuni inaweza kuifunga akaunti yako yote.

Sheria nazo zinatofautiana kwa nchi. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji inataka kitufe cha kuagiza kieleze wazi kwamba anayekibonyeza anawajibika kulipa, la sivyo mteja hafungwi na agizo hilo. Nchini Marekani, mwezi Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, zikiwemo bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja, katika kesi iliyodai kwamba watu waliingizwa katika uanachama wake wa kulipia uitwao Prime bila ridhaa yao na kuwekewa vikwazo walipotaka kutoka. Kampuni hiyo haikukiri kosa.

Leo hii, kabla watoto hawajawasha runinga, weka namba ya siri ya manunuzi katika akaunti. Kizuizi cha manunuzi mara nyingi huwa mpangilio tofauti na kile cha kuzuia filamu za watu wazima, na kuwasha kimoja huenda kusiwashe kingine.

SWALI: Mshauri, nikisitisha majaribio ya bure siku ileile niliyoanza, nitapoteza siku zilizobaki?

JIBU: Kwa huduma nyingi hapana, utaendelea kutazama hadi siku ya mwisho, kisha kila kitu kitajifunga bila kukatwa. Zipo, hata hivyo, zinazokufungia mara tu unapositisha, kwa hiyo soma tarehe inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa kusitisha kabla ya kuthibitisha. Kama usajili unapitia Apple, sitisha angalau saa 24 kabla ya majaribio kwisha. Ukingoja saa ya mwisho unaweza kukuta umekwisha kutozwa.