Mabuu ya kaa au mabuu wa kaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Likoni, naandaa somo la kaa wa nchi kavu. Niliandika "mabuu wa kaa wanaelea baharini". Mwenzangu akafuta, akaandika "mabuu ya kaa yanaelea", kwa hoja kwamba buu na mabuu ni ngeli ya LI-YA. Nani amepatia?

JIBU: Mwalimu, sentensi yako ndiyo ya kuwapa wanafunzi. Mwenzako ametazama umbo la neno, na kwa umbo hajakosea: buu, mabuu, kama gamba, magamba. Lakini kinachotajwa kikiwa mnyama, upatanisho hufuata uhai. Ndiyo maana twasema kiboko analala, kifaru anakimbia, na buu anaelea.

Maisha ya kaa huyu yanalionyesha jambo hili vizuri mno. Mkubwa huchimba shimo lake nchi kavu, kama hao walioko nyuma ya mikoko yetu, ila watoto wake hukulia katika maji ya bahari. Jike hubeba mayai chini ya tumbo (usiandike "huatamia"; kuatamia ni kulalia, kazi ya kuku), kisha huteremka pwani kuyamwaga. Kaa wekundu wa Christmas Island, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, huteremka kwa mamilioni mvua zinapoanza, na jike mmoja aweza kumwaga hadi mayai 100,000 kabla ya alfajiri, maji yakishajaa na kuanza kutoka. Mayai hupasuka papo hapo yagusapo bahari, na hapo ndipo upatanisho unapogeuka: "Yai lilipogusa maji lilipasuka, na buu aliyetoka akachukuliwa na mkondo." Yai ni LI-YA, buu ni A-WA. Wengi huliwa na samaki. Wanaosalimika hujivua gamba mara kadhaa, na baada ya wiki tatu au nne hurudi ufukweni, kaa wachanga wa milimita 5 hivi, wakashika njia ya bara. Magamba waliyoyavua yanabaki LI-YA, kwani hayana uhai.

Katika mazungumzo "mabuu ya kaa" husikika sana, nami simkatizi mtu. Kwenye maandishi ninachokikataa kabisa ni mchanganyiko: "mabuu ya kaa wanaelea".

Angalia pia wingi wa kaa mwenyewe. Mnyama ni kaa huyu, kaa hawa. Kaa hili, makaa haya, ni la jikoni. Mwanafunzi akiandika "makaa wanarudi bara", msahihishe.