Mbegu za hempu zilizokobolewa: hesabu kwa vijiko, usihesabu kwa pakiti

Mkuu, umeuliza kama mbegu hizi zinamtosha mtu aliyeacha nyama, na kama zinalewesha. Mimi nazila karibu kila asubuhi tangu niachane na nyama, kwa hiyo najibu kama mlaji.

Kulewesha, hapana. Mmea ni wa ukoo mmoja na bangi, lakini mbegu yenyewe haitengenezi THC, ile kemikali inayolewesha. Kinachoweza kuwepo ni mabaki ya utomvu yaliyonatia kwenye ganda, na ganda ndilo linaloondolewa zinapokobolewa. Desemba 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilisema haina pingamizi zitumike kwenye vyakula. Sheria ya unapoishi ni habari nyingine, iangalie kabla hujanunua.

Tuje kwenye protini. Pakiti hujisifia gramu 31 hivi, ila hiyo ni kwa gramu 100, na nani anakula gramu 100? Hizo ni kilokalori zaidi ya 550, na karibu nusu ya uzito ni mafuta matupu. Kipimo cha kawaida ni vijiko vitatu vya chakula, yaani gramu 30: unapata protini gramu 9 na nusu, sawa na yai moja na nusu, pamoja na kilokalori kama 165. Amino asidi muhimu, yaani vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, zote zimo, ila mojawapo, laisini, ni haba. Ndiyo maana siachi maharage au dengu.

Kwangu mimi utamu wa mbegu hizi uko kwenye madini, ingawa wauzaji hawayapigii debe. Vijiko hivyo vitatu vina magnesiamu miligramu 210, karibu nusu ya mahitaji ya mwanaume kwa siku, na zinki miligramu 3. Chuma kipo, miligramu 2 na kidogo, lakini faiteti, kemikali za asili za mbegu zinazonasa madini, huzuia kisifyonzwe vizuri, basi kula na tunda lenye vitamini C.

Mafuta ya omega-3 yapo pia, japo yale ya omega-6 huyazidi kama mara tatu. Omega-3 hiyo ni ile ya mimea, ALA, ambayo mwili huigeuza kidogo sana kuwa EPA na DHA, aina za omega-3 zinazopatikana kwenye samaki. Vitamini B12 usiitafute humu. Nyuzinyuzi nazo zimeondoka na ganda, imebaki gramu moja na ushee, kwa hiyo anayesumbuliwa na choo kigumu hazitamfaa kitu.

Mimi huzinyunyiza juu ya uji ukishaepuliwa, sizikaangi, kwa sababu mafuta yake hayastahimili moto mkali. Ukifungua pakiti iweke kwenye friji. Mbegu ambazo hazijaharibika ni laini, nyeupe yenye kijani kwa mbali, na ladha yake inakaribia ya karanga mbichi. Zikianza kunuka kama rangi ya mafuta ya kupaka ukutani na kuacha uchungu kooni, mwaga.