Msifunge shule kabla ya makabidhiano kutiwa saini

Usikubali kuambiwa kwamba "serikali itaangalia majengo". Unauliza ni nani atakayetunza madarasa ya shule ya msingi ya kijijini kwenu baada ya wanafunzi kuhamishiwa shule jirani. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wazazi katika bodi ya shule iliyofungwa vivyo hivyo huku Nyando, kaunti ya Kisumu, na ahadi hiyo hiyo ndiyo iliyotuangamiza.

Afisa mmoja wa elimu alituahidi kwa mdomo kwamba mlinzi angeletwa mwezi uliofuata. Kwa kumwamini, tulimwachisha kazi mlinzi tuliyekuwa tukimlipa kwa michango ya wazazi, tukamwachia mwalimu mkuu funguo, naye akapewa uhamisho na funguo zikaenda naye. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Mvua za masika hazijaisha, mabati ya madarasa mawili yalikwisha kung'olewa usiku. Maji yakalowesha kuta, mchwa wakala kenchi, na darasa ambalo wazazi walilijenga kwa fedha za mpunga likaanguka lote. Nilipokwenda kulalamika, nilielekezwa kwa serikali ya kaunti, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa kaunti elimu ya chekechea, si shule ya msingi. Mtu anayelipwa kuijua sheria hana haki ya kumzungusha mzazi hivyo, na uchungu huo sijausahau.

Elewa jambo hili: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi ya usimamizi jukumu la kuhakikisha shule ina majengo yanayofaa, lakini shule ikifungwa wanabodi hutawanyika, na fedha za serikali, ambazo hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, hukoma kwa kuwa hakuna mwanafunzi wa kuhesabiwa.

Kwa hiyo, bodi ikingali hai, andikeni orodha ya kila kitu, kuanzia milango na madirisha hadi idadi ya mabati na matangi ya maji, pamoja na nakala ya hatimiliki ya ardhi. Ofisi ya elimu itie saini na muhuri, na itaje kwa jina ni nani anayepokea funguo na ni nani atakayemlipa mlinzi. Nakala moja ibaki kwa chifu. Wakikataa kutia saini, mlinzi wenu asiondoke langoni.