Keneli imeahidi, RAM haina: maswali yenu kuhusu mipaka ya kumbukumbu pepe

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: nani anaamua programu ipate kumbukumbu kiasi gani, na mpaka uwekwe wapi. Waliouliza wote wanatumia Linux, kwa hiyo majibu ni ya Linux. Keneli ni kiini cha mfumo huo, ndiyo inayogawa kumbukumbu; kumbukumbu pepe ni anwani inazozikabidhi programu, ziwe na RAM nyuma yake au la. Amri za kubadilisha mipangilio zinahitaji mamlaka ya root.

Kwenye `top`, safu ya VIRT inaonyesha programu moja ina GB 70, na mashine yangu ina RAM ya GB 16 tu. Kompyuta inadanganya?

Haidanganyi, ila inajibu swali ambalo hukuuliza. VIRT ni jumla ya anwani zote ambazo programu imekabidhiwa, iwe imezigusa au haijawahi kuzigusa. Safu ya RES ndiyo inayokuambia kilichomo ndani ya RAM sasa hivi. Programu ikiomba GB 10, keneli huandika tu kwamba imeomba. Ukurasa halisi, ambao kwenye x86 kwa kawaida ni wa KB 4, hutolewa pale programu inapoandika humo mara ya kwanza. Na kwa kuwa kwenye x86 ya biti 64 kila prosesi (programu moja inayoendeshwa) kwa kawaida ina nafasi ya anwani ya TB 128, programu nyingi za kisasa hujitengea eneo kubwa mapema hata kama hazitalijaza. VIRT kubwa isikunyime usingizi. RES inayopanda kila siku bila kushuka, hiyo ndiyo ya kuifuatilia.

Nimeweka `ulimit -v` ya GB 4 kwenye mashine hiyohiyo ya GB 16 ili huduma ya Java isimeze RAM yote. Sasa haiwaki kabisa, ingawa kabla ya hapo ilikuwa ikitumia MB 600. Kosa liko wapi?

Umepima kitu kisichokusumbua. `ulimit -v` inahesabu anwani, yaani ile VIRT ya swali la kwanza, wala si RAM. Java usipoielekeza hujiwekea ukomo wa hipu (eneo inakoweka data ya programu) wa robo ya RAM, kwako hiyo ni GB 4 tayari, na anwani zake hutengwa mwanzoni kabisa. Juu yake kuna eneo la taarifa za klasi, GB 1 kwa kawaida, kisha eneo la msimbo uliotafsiriwa, kisha maktaba, kisha rafu (stack) ya kila uzi (thread). Mpaka wako umevukwa kabla huduma haijafanya kazi yoyote.

Kasoro ya pili ni kwamba mpaka huo ni wa prosesi moja moja. Programu inayozaa prosesi kumi itapewa GB 4 mara kumi, na keneli haitaona tatizo. Kwa maoni yangu `ulimit -v` imebaki na matumizi machache: kuzuia skripti ndogo unayoishuku isikimbie ovyo, basi. Na usihamie `ulimit -m` ukidhani ndiyo dawa, maana keneli za leo za Linux huipokea namba hiyo na kuipuuza.

Weka mpaka kwenye cgroup, yaani kundi la prosesi ambalo keneli hulihesabu kwa pamoja, ambako kinachohesabiwa ni kumbukumbu inayotumika kweli, kwa huduma nzima pamoja na watoto wake:

`systemctl set-property huduma.service MemoryHigh=1500M MemoryMax=2G`

Hizo namba mbili zina tabia tofauti. Huduma ikivuka `MemoryHigh`, keneli huipunguza kasi na kuilazimisha irudishe kurasa; haiuliwi. Ikifika `MemoryMax` na kurasa za kurudisha zikakosekana, mojawapo ya prosesi zake huuliwa. Mimi huweka zote mbili, kwa sababu ya kwanza hukupa muda wa kuona kuwa mambo yanaharibika. Kwa Java ongeza na `-Xmx`, yaani ukomo wa hipu, ili nayo yenyewe ijue mwisho wake, na uache nafasi ya kutosha kati ya `-Xmx` na `MemoryMax`: hipu si kumbukumbu yote ya Java.

Seva ina RAM ya GB 16, haina swapu (sehemu ya diski ya kusaidia RAM). Nilisoma kwamba `vm.overcommit_memory=2` ni salama zaidi, nikaiweka. Sasa programu zinakataliwa kumbukumbu wakati `free` inaonyesha karibu nusu ya RAM iko wazi. Kwa nini?

Kwa sababu ndivyo ulivyoiagiza, na wengi hunaswa hapa.

Mpangilio huo una hali tatu. Katika 0, ambayo ndiyo ya kawaida, keneli huahidi kwa ukarimu na kukataa tu maombi yaliyopita kiasi waziwazi, mfano ombi moja linalozidi RAM na swapu kwa pamoja. Katika 1 haikatai kwa hesabu hiyo hata kidogo. Katika 2, kwake ahadi ni deni: hujumlisha kila kilichoahidiwa, na jumla hiyo hairuhusiwi kupita ukomo. Ukomo wenyewe ni swapu yote pamoja na asilimia fulani ya RAM. Asilimia hiyo inaitwa `vm.overcommit_ratio`, na usipoigusa ni 50. Kwa seva yako: swapu 0, nusu ya GB 16, jumla GB 8. Programu zikishaahidiwa GB 8, inayofuata inakataliwa, hata kama zilizotangulia hazijagusa robo ya zilichopewa.

Jionee mwenyewe:

`grep -i commit /proc/meminfo`

`CommitLimit` ni ukomo, `Committed_AS` ni jumla ya ahadi. Katika hali ya 0 na 1 namba ya kwanza ni ya kutazama tu, haimzuii mtu.

Unaweza kupandisha `vm.overcommit_ratio` hadi 80 au 90, au kuongeza swapu. Ningeanza na swapu, hata ya GB 4 au 8: katika hali hii huhesabiwa yote kwenye ukomo, na huenda isiandikwe hata ukurasa mmoja. Ukipenda kutaja kiasi kamili badala ya asilimia, ipo `vm.overcommit_kbytes`, ukiiweka hiyo, ile ya asilimia hugeuka 0, usishtuke. Tena kabla hujaondoka kwenye mashine hiyo, tazama `vm.admin_reserve_kbytes`. Hiyo ni akiba ya msimamizi, na kwa kawaida haizidi MB 8. Katika hali ya 2 akiba hiyo ni finyu mno. Nyaraka za keneli zinataja kama MB 128 kwa x86 ya biti 64. Ukiiacha ilivyo, siku ukomo utakapojaa unaweza kushindwa hata kuingia uiokoe seva.

Redis inashauri `overcommit_memory=1`, PostgreSQL inashauri 2. Nani yuko sahihi?

Wote, kila mmoja kwa kazi yake. Zote mbili ni hifadhidata, ila Redis huweka data yake kwenye RAM. Redis ikitaka kuhifadhi data kwenye diski hujigawa na kuzaa prosesi mtoto. Baba na mtoto hutumia kurasa zilezile, na ukurasa hunakiliwa pale tu mmoja wao anapoandika. Lakini kwenye daftari la ahadi mtoto anahesabiwa kama aliyeomba kiasi chote cha baba. Keneli yenye msimamo mkali ingemkataa, na hifadhi ingeshindikana ilhali RAM inatosha.

PostgreSQL inaogopa upande wa pili. Keneli ikiahidi kupita uwezo, siku ahadi zikidaiwa zote inabidi ichague prosesi ya kuua; hali hiyo ya kuishiwa kumbukumbu huitwa OOM. Ikiua mojawapo ya prosesi za PostgreSQL, hifadhidata hukata miunganisho yote na kujiwasha upya, kwani kumbukumbu ya pamoja huenda imeharibika. Kwake ni afadhali ombi moja likataliwe kistaarabu.

Zikiwa kwenye mashine moja, ningeacha 0, nikaipa kila moja cgroup yake, na `OOMScoreAdjust` ya namba hasi kwa huduma ya PostgreSQL ili isiwe ya kwanza kuchaguliwa. Zikitenganishwa, kila moja ifuate ushauri wake.

Programu inaanguka na ujumbe `Cannot allocate memory`. RAM ipo tele, ahadi ziko chini, cgroup haina mpaka. Nitafute wapi tena?

Hesabu vipande. Keneli ina ukomo wa idadi ya maeneo ambayo prosesi moja inaweza kuwa nayo, `vm.max_map_count`, kwa kawaida 65530, na ukifikiwa kosa linaloonekana ni hilohilo.

`wc -l /proc/PID/maps`

Weka namba ya prosesi yako penye PID. Ikikaribia 65530, umempata. Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data, inajulikana kwa hili, na kwa miaka mingi imetaka angalau 262144. Kupandisha namba hii hakutengi RAM. Kila eneo linalotumika hugharimu keneli kiasi kidogo tu.

Nikiweka `vm.swappiness=0`, swapu haitatumika kabisa?

Itatumika RAM ikibanwa kweli. Swappiness si mpaka, ni mizani: inaiambia keneli iegemee wapi, kurasa za programu au akiba ya mafaili. Kawaida ni 60, na tangu keneli 5.8 inaweza kufika 200. Unayetaka swapu isitumike na huduma fulani, andika `MemorySwapMax=0` kwenye huduma hiyo.

Mashine ya biti 32 ina RAM ya GB 8 na keneli inaiona yote. Mbona programu moja haivuki GB 3?

Anwani za biti 32 zinaishia GB 4, na kwa mgawo wa kawaida GB 1 ni ya keneli. PAE, mbinu ya prosesa ya kutumia anwani ndefu zaidi za RAM, huisaidia keneli kufikia RAM zaidi, haimwongezei prosesi anwani. Prosesa ikikubali, hamia biti 64.

Nikizima na kuwasha mashine, mipangilio yote inarudi ya zamani. Ndani ya kontena ndiyo inakataa kabisa.

`sysctl -w` hudumu mpaka mashine izimwe. Andika mistari yako kwenye faili kama `/etc/sysctl.d/90-kumbukumbu.conf`, kisha endesha `sysctl --system` ili lisomwe papo hapo. Mipangilio ya `vm.` ni ya keneli nzima, na makontena yote yanashiriki keneli moja, hivyo ibadilishe kwenye mashine mwenyeji. Kuna na hili la `/etc/security/limits.conf`: linasomwa mtumiaji anapoingia, kwa hiyo huduma zinazoanzishwa na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma) hazilioni. Kwa hizo, mipaka huandikwa ndani ya faili la huduma yenyewe.